Lamu ilishinda kesi ya makaa ya mawe, sasa tuidai serikali sera

#1 Mtoto wa Faza (mleta uzi)

Assalaam aleikum, na salamu kwa wote jukwaani.

Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ilitupilia mbali rufaa ya kampuni ya Amu Power, na leseni ya kujenga mtambo wa makaa ya mawe pale Kwasasi, Lamu, ikabaki imefutwa. Watu wetu walifurahi, na ilikuwa haki yao. Lakini tangu siku ile nasoma kila mahali kwamba Kenya imeachana na makaa ya mawe, na hilo si kweli. Kilichofutwa ni leseni ya mradi mmoja. Sheria ya kuzuia mtambo mwingine usijengwe kesho mahali pengine haipo. Naomba tulijadili hili kwa kirefu, maana naona kampeni yetu imefika nusu ya njia na watu wameanza kukunja majamvi.

Kwa ambao hawakuifuata habari hii tangu mwanzo: mwaka 2013 serikali ilitangaza mpango wa kuongeza zaidi ya megawati 5,000 za umeme kwa miezi 40. Ndani ya mpango huo ukaingia mtambo wa Lamu, megawati 1,050, gharama yake kama dola bilioni 2. Wenye mradi walikuwa Centum na Gulf Energy, na benki ya ICBC ya China ilitarajiwa kutoa mkopo mkubwa. Makaa yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini, kisha baadaye yachimbwe bonde la Mui huko Kitui. Septemba 2016 NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikatoa leseni. Save Lamu, muungano wa wanajamii wa Lamu, na wenzao wakakata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Taifa la Mazingira, linalosikiliza rufaa za namna hiyo, likaifuta leseni ile.

Sasa soma sababu za baraza. Lilisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano iliyofanyika Lamu ilikuwa ya kuutambulisha mradi, na ripoti ya athari za mazingira ilipokamilika watu hawakurudiwa ili waelezwe yaliyomo na watoe maoni. Likasema pia kwamba ripoti haikuizingatia Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016. Hizo ni hoja nzito. Lakini ni hoja za utaratibu. Kampuni yenye subira na pesa inaweza kuandaa ripoti mpya, ikaitisha mikutano yote inayotakiwa, ikajaza vitabu vya mahudhurio, ikaomba leseni tena. Kwa sheria ilivyo leo, NEMA italazimika kuipokea.

Kilichouangusha mradi kifedha nacho hakikutoka kwetu. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilijitoa Novemba 2019. ICBC ikafuata mwaka 2020. Mwaka huohuo General Electric, waliokuwa wameahidi kuingia ubia na kuleta mitambo, wakatangaza kuacha kujenga mitambo mipya ya makaa. Septemba 2021 Xi Jinping akauambia Umoja wa Mataifa kwamba China haitajenga tena mitambo mipya ya makaa nje ya nchi yake. Kwa hiyo waliotuepusha walikaa kwenye makao ya benki na kampuni hizo, Abidjan, Beijing na Boston. Wakati wote huo mipango ya umeme ya Nairobi iliendelea kuuorodhesha mtambo wa Lamu kama mradi ujao.

Wavuvi wetu waliuogopa mtambo huu kwa sababu wanazozijua kwa kazi yao, na wala hakuna aliyewafundisha. Mtambo wa namna hii hunyonya maji ya bahari kupozea mitambo na kuyarudisha yakiwa ya moto. Mkondo kati ya Manda, Mokowe na Pate hauna kina kikubwa, umezungukwa na mikoko, na kwenye mizizi ya mikoko ndiko kamba na samaki wachanga wanakokulia. Mtega malema, ile mitego ya samaki, anajua samaki hukimbia wapi maji yakibadilika hata kidogo. Halafu kuna majivu. Makaa yakishachomwa huacha majivu yenye zebaki, risasi na aseniki, na majivu hayo yalikuwa yahifadhiwe karibu na bahari miaka yote ya mtambo. Lamu tayari tulikuwa tumeshaonja: uchimbaji wa bandari mpya ya Lamu (mradi wa LAPSSET) uliharibu maeneo ya uvuvi, na mwisho wa Aprili 2018 tukapata hukumu ambapo Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Anayedai hofu ya wavuvi ilikuwa uvumi, aisome hukumu hiyo kwanza.

Ninachosema ni kwamba mahakamani tulipinga mradi. Kilichobaki ni kuibadilisha sera.

#2 Fundi wa Gridi

Mleta uzi, nakuheshimu na habari za Lamu nilizifuata. Ila mimi kazi yangu ni umeme, acha niseme upande wa pili.

Mwaka 2025 Rais Ruto mwenyewe alikiri kwamba jioni, kuanzia saa kumi na moja hadi saa nne usiku, baadhi ya sehemu zinakatiwa umeme kwa sababu hautoshi. Jua linazama wakati huohuo watu wanapowasha taa na kupika. Upepo huja na kuondoka. Viwanda vinataka umeme usiotetereka usiku na mchana. Ulaya na China zilijengwa kwa makaa ya mawe, na Kenya inachangia kiasi kidogo mno cha hewa chafu duniani. Kwa nini sisi ndio tujifunge mikono kwa sheria? Mradi mbaya ukataliwe, sawa. Lakini kuandika sheria ya kukataza kabisa ni kujinyima njia ambayo huenda watoto wetu wakaihitaji.

#3 Mtoto wa Faza (mleta uzi)

Fundi, hoja yako ni ya haki na ndiyo itakayotumika bungeni, kwa hiyo tuijibu vizuri.

Umeme usiozima usiku na mchana Kenya tunao, unatoka chini ya ardhi. Jotoardhi la Olkaria limefanya kazi tangu 1981, na sasa ndilo linalotoa sehemu kubwa kuliko chanzo kingine chochote cha umeme wetu. Halitegemei mvua, jua wala upepo, na halihitaji meli ya makaa kutoka bandari ya Richards Bay, Afrika Kusini. Wataalamu wamekadiria kwamba Bonde la Ufa lina uwezo wa takriban megawati 10,000. Tumetumia kama sehemu moja ya kumi. Jioni unayoisema ina dawa: visima zaidi vya jotoardhi, betri za kuhifadhi umeme wa mchana, na nyaya za majirani. Laini ya Ethiopia imetuletea umeme wa maji tangu mwishoni mwa 2022. Laini ya Isinya hadi Singida imetuunganisha na Tanzania, ambako bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115.

Sasa njoo kwenye pesa, kwa sababu hapa ndipo mwananchi wa kawaida angeumia bila kujua nani kamuumiza. Mradi wa Lamu ulipokuwa unapiganiwa mwaka 2019, mahitaji ya juu kabisa ya nchi nzima yalikuwa hayajafika megawati 2,000. Mtambo mmoja wa 1,050 ungekuwa zaidi ya nusu ya mahitaji ya taifa. Na mikataba ya namna hii ina kifungu cha kulipia mtambo kwa kuwa tayari tu, uwake usiwake. Taasisi ya utafiti ya IEEFA ilikadiria Juni 2019 kwamba Kenya ingelipa angalau dola milioni 360 kila mwaka kwa miaka 25, jumla dola bilioni 9, hata kama hakuna hata yuniti moja iliyonunuliwa. Pesa hizo zingetoka kwenye tokeni zako na zangu. Kinyozi wa Kongowea angeulipia mtambo uliolala.

Kuhusu Ulaya kujengwa kwa makaa: ni kweli. Lakini mwaka 1998 bahari ilipopata joto, matumbawe yalikufa kuanzia Kiunga hadi kusini mwa pwani, na wavuvi wetu hawakuwa wamechoma hata kilo moja ya makaa. Kutochangia tatizo hakujatulinda nalo. Nami sitaki Lamu iwe mahali ambapo tatizo linaongezwa.

#4 Bonde la Ruhuhu

Wakuu habari za leo. Nipo Ruvuma, Tanzania. Nimesoma uzi wote na nina jambo la kusema, kwa sababu huku kwetu makaa siyo mpango wa kwenye karatasi.

Ngaka, wilaya ya Mbinga, yanachimbwa tangu 2011. Serikali ina hisa kupitia NDC, Shirika la Maendeleo la Taifa. Mwaka 2016 Tanzania ilipiga marufuku kuagiza makaa kutoka nje, viwanda vya saruji vikageukia ya kwetu. Halafu vita vya Ukraine vilipoanza 2022, wanunuzi wa Ulaya na Asia wakaanza kuyatafuta, na malori yakajaa barabara ya Songea hadi bandari ya Mtwara. Wakenya mjue pia kwamba makaa ya huku yameuzwa kwenu, Uganda na Rwanda kwa ajili ya viwanda vya saruji. Kwa hiyo mkisema "kuacha makaa", msiangalie mitambo ya umeme peke yake. Tanuri la saruji nalo linayachoma.

Mimi nina ndugu watatu wanaokula kutokana na malori hayo: dereva, fundi wa matairi, na shemeji yangu anauza chakula kando ya barabara. Vumbi tunalivuta, barabara imechakaa, ajali tunaziona. Sitetei hayo. Lakini kampeni ikija hapa na bango la "funga mgodi" bila kusema shemeji atakwenda wapi, watu wataifukuza, na mimi sitawalaumu. Niambieni sera hiyo ina nini kwa ajili yetu.

#5 Mama wa Zombe

Mimi natoka Kitui, upande wa bonde la Mui. Lamu mnajulikana, sisi tumesahaulika, kwa hiyo nashukuru umetutaja.

Kwetu hakujachimbwa kitu. Lakini kukaa miaka mingi ukiambiwa ardhi yako itachukuliwa ni madhara tosha. Kisima unaogopa kuchimba. Nyumba ya matofali unaogopa kujenga, kwani utalipwa lini na kwa bei gani hujui. Vijana wanakatazwa na wazazi kupanda miembe ya kisasa kwa sababu hiyohiyo. Kila uchaguzi anakuja mtu na ahadi mpya ya makaa, kila baada ya uchaguzi kimya. Tulikwenda kortini, na mwaka 2015 majaji waliandika maneno mazuri sana kuhusu ushirikishwaji wa umma, yakawa yanatajwa kwenye kesi nyingine nchi nzima, lakini maombi yetu yalikataliwa.

Ndiyo maana nakubaliana na mleta uzi. Sisi hatuhitaji kushinda mradi huu halafu tungoje mwingine. Tunahitaji serikali iseme kwa maandishi kwamba hapa hapachimbwi, ili mtu apande mwembe wake.

#6 Mswahili wa Nottingham

Naishi Uingereza, karibu na Ratcliffe-on-Soar. Huo ndio ulikuwa mtambo wa mwisho wa makaa nchi hii, ukazimwa tarehe 30 Septemba 2024. Uingereza ndiyo iliyofungua kituo cha kwanza cha umeme wa makaa kwa ajili ya umma, Holborn Viaduct, London, mwaka 1882. Miaka 142 baadaye wakamaliza.

Nataka muone jinsi walivyomaliza, maana haikuwa kwa kesi moja moja. Mwaka 2012 karibu asilimia 40 ya umeme wa hapa ulitoka kwenye makaa. Aprili 2013 serikali ikaweka kiwango cha chini cha tozo ya kaboni, yaani malipo kwa hewa chafu inayotolewa, na kuchoma makaa kukawa ghali kuliko gesi. Novemba 2015 waziri wa nishati, Amber Rudd, akatangaza kwamba makaa yatakoma ifikapo 2025. Baadaye tarehe ikaletwa mapema zaidi, Oktoba 2024. Tozo na tarehe, basi. Wenye mitambo walipoona tarehe haibadiliki, wengi walifunga mapema wenyewe. Ratcliffe wafanyakazi walijua miaka kabla, vyama vya wafanyakazi vilikaa na kampuni, wengine wakafundishwa kazi nyingine.

Lakini migodi ilikuwa imefungwa zamani kwa namna nyingine kabisa. Baada ya mgomo mkubwa wa wachimba makaa wa 1984 na 1985 migodi ilifungwa kwa haraka, na vijiji vya Wales, Durham na Yorkshire viliachwa bila kazi mbadala. Umaskini ulioingia wakati ule bado upo. Kaka wa Ruvuma ameuliza swali sahihi.

#7 Mtoto wa Faza (mleta uzi)

Nimezisoma zote. Uzi huu umenizidi maarifa mahali kadhaa, na ndivyo nilivyotaka.

Kwanza kaka wa Ruvuma. Mfano ulio karibu nawe ni mtambo wa makaa wa Komati, Afrika Kusini. Mtambo ule ulizimwa Oktoba 2022, na Benki ya Dunia ilitoa karibu dola milioni 497 kuugeuza mahali pa jua, upepo na betri. Pesa zilikuwepo. Lakini mtambo ulizimwa kabla kazi mpya hazijafika, na watu wa mji ule, hasa wale wa kandarasi na wauza chakula kama shemeji yako, ndio waliobaki mikono mitupu. Tofauti na Ujerumani: sheria yao ya 2020 iliweka mwaka 2038 kuwa mwisho wa makaa na ikatenga hadi euro bilioni 40 kwa majimbo yanayochimba, kabla ya kufunga. Kwa hiyo huko kwenu mimi singedai mgodi ufungwe kesho. Ningedai usifunguliwe mpya, tarehe ya mwisho itangazwe, na mapato ya sasa yaanze kutumika sasa. Halmashauri zenu hupata ushuru wa huduma kutokana na mauzo ya mgodi, juu ya mrabaha wa serikali kuu. Ulizeni kwenye vikao vya kata pesa hiyo inajenga nini kitakachobaki makaa yakiisha. Yataisha kwa namna moja au nyingine: mnunuzi wa Ulaya aliyekuja 2022 alikuja kwa sababu ya vita, na nchi zake zimeshapanga kuacha.

Kwa saruji sina jibu jepesi. Tanuri linahitaji joto kali mno, na umeme wa kawaida bado haujalifikia kwa bei ya kawaida. Kuna viwanda vinavyochanganya taka na mabaki ya mimea badala ya sehemu ya makaa. Hapo tozo ingesaidia, kama alivyoeleza ndugu wa Nottingham. Ila nisingeacha suala la saruji licheleweshe la umeme. La umeme liko tayari.

Mama wa Zombe, ulichosema kuhusu mwembe ndicho kitakachoandikwa kwanza kwenye madai yetu. Kukosa uamuzi kunawatesa watu wa Mui leo, wala haihitaji mgodi kuchimbwa.

Sasa njia. Desemba 2024 Mahakama Kuu ya Pretoria iliamua kwamba hatua ya serikali ya Afrika Kusini kupanga megawati 1,500 mpya za makaa ilikuwa batili, kwa sababu haikupima madhara kwa afya na haki za watoto. Waliofungua kesi ni African Climate Alliance, Vukani na groundWork. Angalieni walichoshitaki: hawakungoja mtambo upewe leseni kijijini, walikwenda kwenye mpango wa taifa wenyewe. Nchi ile inapata sehemu kubwa mno ya umeme wake kutoka kwenye makaa, na bado wameweza. Sisi tusio na hata mtambo mmoja wa makaa kwenye gridi tunashindwaje?

Kenya mlango upo. Sheria ya Nishati ya 2019 inataka kuwe na mpango jumuishi wa taifa wa nishati, na kila kaunti itoe mpango wake. Ibara ya 42 ya Katiba inatoa haki ya mazingira safi. Dai letu liwe makaa ya mawe yaondolewe kwenye mpango wa taifa wa umeme, miaka yote, hata ile ya mbali. Pasitolewe leseni ya uchimbaji wa makaa Mui, na wenye ardhi wapewe barua. Na mkataba wowote wa kulipia mtambo uwe tayari uwekwe hadharani kabla ya kutiwa saini.

Na tuwe wakweli kwa upande wetu pia. Umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, megawati 310, ni fahari ya nchi, lakini mwaka 2021 mahakama ya Meru iliona hati za ardhi ya mradi huo zilipatikana kinyume cha utaratibu, na jamii za Marsabit ndizo zilizolalamika. Kukataa makaa hakumpi mtu ruhusa ya kuchukua malisho ya Mrendille. Masharti tuliyoidai Amu Power, ya kushirikisha watu kabla na baada ya ripoti, ndiyo tuyadai kwa kila mradi.

#8 Fundi wa Gridi

Kuhusu jotoardhi na malipo ya mtambo uliolala nimekuelewa, na takwimu za mahitaji ya 2019 nazijua kuwa kweli. Bado naona sheria ya kukataza milele ni nzito kupita bungeni. Kuondoa makaa kwenye mpango wa taifa ni jambo linalowezekana, kwa sababu mpango hupitiwa upya mara kwa mara na wizara hupokea maoni. Mkiliandika hivyo, mimi nitawasaidia upande wa hesabu za megawati, ili wasije kuwaambia hamjui umeme.

#9 Bonde la Ruhuhu

Mkuu nimeridhika na jibu. La ushuru wa huduma nalipeleka kwenye mkutano wa kijiji. Huku nitahitaji lugha nyepesi, watu wengi hawajui kama wana haki ya kuuliza.

#10 Mama wa Zombe

Mwananchi wa kawaida anapelekaje ombi bungeni? Lazima wakili?

#11 Mtoto wa Faza (mleta uzi)

Hapana mama, wakili si lazima. Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, libadilishe au lifute sheria. Ombi linaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, unaeleza wewe ni nani, shida ni nini, umeshajaribu kuipeleka wapi, na unaomba Bunge lifanye nini. Linatiwa saini na kupelekwa kwa karani wa Bunge au kupitia kwa mbunge wako. Bunge la kaunti nalo hupokea maombi, kwa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, na kwa Mui na Lamu ningeanza huko, kwa sababu wawakilishi wa wadi tunakutana nao msikitini, kanisani na sokoni.

Rasimu nitaiweka hapa ili muikosoe. Fundi atie hesabu zake. Nahitaji mtu wa kuisoma kwa Kikamba kwenye mabaraza ya Mui ili wazee watie saini wakijua wanachotia.

#12 Mama wa Zombe

Kikamba nitafanya mimi. Na sehemu ya ardhi niachieni niiandike mwenyewe.